Nenda, Mama, Mimi Nipo

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mahafali ya mjukuu wangu. Amemaliza chekechea hapa Lindi. Siku hizi hata watoto wa chekechea wanavalishwa majoho na kofia bapa zinazowaangukia machoni, na keki inakatwa. Wiki nzima nyumba haikukalika. Soksi nyeupe zilitafutwa mpaka chini ya vitanda, shairi lilikaririwa mezani na bafuni, na kila asubuhi mtoto aliniuliza lile lile: nitakuja? Nikamjibu kila asubuhi kwamba nitakuja.

Siku yenyewe nimeshavaa, nimeshajitanda mtandio, mwanangu ambaye alibaki kumsubiri fundi wa bomba akaniambia kutoka sebuleni, "Nenda tu, mama, mimi nipo." Maneno ya kawaida kabisa, hakuna nyumba ambamo hayasemwi. Lakini miguu yangu iligoma mlangoni. Nikarudi chumbani nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Mwanangu aliniuliza nina nini, sikuweza kumweleza. Nimeona niandike. Mimi si mwandishi, niliishia darasa la saba, na huwa naandika mambo ya siku hiyo hiyo tu kabla sijayasahau. Haya ni ya zamani. Basi ndugu yangu unayesoma, mahali nisipokuwa na hakika nitakwambia, usije ukanishika kwa neno nililolikisia.

Kwetu ni upande wa Kilwa, kijiji kilichoingia bara kidogo kutoka barabara ya Somanga. Nilikuwa darasa la nne, na ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani, kila ukoo na mikorosho yake, walitakiwa wahamie pamoja, nyumba zikae kwa mistari, shule hapa, kisima pale, zahanati kule. Sisi tulikuwa tumeshahama. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo ilibidi tuhame mwanzo ili wenzetu waone mfano. Kule tulikotoka kukaanza kuitwa mahame, yaani mahali palipohamwa, ingawa baadhi ya watu walikuwa bado wanapika na kulala huko huko.

Ukiniuliza utamu wa utoto wangu uko wapi, nitakwambia uko katika zile wiki za mwisho kabla ya kufunga shule. Masomo yalikwisha yenyewe bila mtu kutangaza. Asubuhi tulikwenda shamba la shule kuokota korosho za mwishomwisho, tunakula mabibo njiani na maji yake yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Mama alitukataza kwenda huko na sare, maana doa la bibo ukishalipata utazeeka nalo. Mchana tulipaka chokaa yale mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera. Leo kila mtoto alete ufagio wa chelewa, kesho kila mtoto alete kuni, keshokutwa kila mtoto aje na maji. Mwalimu wetu, kijana mrefu aliyetoka mikoa ya mbali, alipita katikati yetu na filimbi mdomoni, suruali imenyooka mkunjo kama amezaliwa nayo. Alitupenda yule mwalimu. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamtaja tena na sitaki uanze kumchukia.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kukaa. Mama alichemsha uji mwepesi wa muhogo wa kutilia wanga sare zetu, akazipiga pasi ya mkaa mpaka kaptura ya mdogo wangu wa darasa la kwanza ikasimama peke yake juu ya mkeka. Tulicheka, na kitinda mimba aliyekuwa mgongoni kwa mama akacheka naye, asijue kinachochekwa. Uani korosho zilichomwa kwenye kipande cha bati, moshi wake unauma macho, na sisi tunazibangua zikingali za moto, vidole vinakuwa vyeusi. Huku mchele unapetwa, huku mbaazi zimelowekwa, huku mdogo wangu anaimba wimbo wa darasa lake kwa sauti moja tangu asubuhi mpaka mama anamwomba kwa jina la Mungu anyamaze ale.

Mwaka ule kulikuwa na kazi moja ya ziada. Chumba cha uani, tulimokuwa tunaweka majembe na kuku wanaotaga, kilitolewa kila kitu. Baba akaleta udongo mwekundu, sisi watoto tukaukanyaga kwa miguu huku tunafanya mazoezi ya nyimbo zetu, mama akakandika kuta. Kisha akatupa kokoto laini tusugue sakafu mpaka ikang'aa. Baba akawamba kitanda kwa kamba mpya. Nikauliza ni cha nani. Mama akasema mwisho wa mwaka una wageni wengi. Nilisugua sakafu ile kwa moyo wangu wote.

Sasa nikwambie habari za bibi, mama yake baba. Yeye alikuwa mahame. Alikataa kuhama. Kaburi la babu lilikuwa kule, mikorosho aliyopanda na babu ilikuwa kule, na nyumba aliikandika kwa mikono yake mwenyewe, akisema kila ukuta una kidole chake. Tulikuwa tunakwenda kwake baada ya shule. Alitupa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, ukivibana kwa meno ganda linabaki mkononi na nyama inaingia mdomoni. Alitupa na kochoko, mabibo aliyoyaanika juani mpaka yakawa kama tende. Alizungumza nasi lugha ya kwetu, Kimachinga tupu, na tukimjibu Kiswahili cha shule alijifanya hasikii.

Kulikuwa na mazoea, sisemi sheria kwa kuwa sheria sikuiona: nyumba yenye mtu ndani haiguswi. Vijana waliotumwa kuvua mapaa ya mahame walisimama uwanjani wakaita. Mwenyewe akitoka, kwa aibu au kwa kuchoka, walipanda juu wakaanza kushusha makuti. Asipotoka, walikwenda zao. Nadhani ni kwa sababu vijana wale walikuwa wa pale pale, na hakuna aliyetaka kumvulia bibi yake paa akiwa chini yake. Bibi alilielewa hilo kuliko wote. Walipoita, aliwajibu kutoka ndani neno moja, "Nipo." Nao wakaondoka.

Kwa hiyo bibi hakutoka. Akitaka kwenda kisimani au kuzika, alikuja jirani mmoja mwanamke, mtani wetu, aliyekuwa amehamia kijijini lakini analima kule, akamkalia nyumba mpaka arudi. Na mtani huyo hakumwacha salama. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana na huruhusiwi kukasirika. Alimwita bibi kobe. "We kobe, utaingia kaburini na nyumba mgongoni?" Bibi naye akimjibu kwamba ikiwa hivyo basi wachimbaji ni ninyi watani, mtajijua wenyewe na ukubwa wa shimo.

Turudi shuleni. Mwalimu alikuwa ametunga ngonjera ya siku ya kufunga shule, mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani. Wahusika ni wawili, kijana wa kijijini na bibi kizee mkaidi asiyetaka kuhama. Mimi nilipewa bibi kizee. Nilipewa kwa kuwa nilikuwa na sauti na sikuogopa watu, mwalimu ndivyo alivyosema. Kama alikuwa anamfikiria bibi yangu alipotunga, sijui. Vikongwe wa namna ile walikuwa wengi, kila mtaa una wake. Mwanzo wangu ulikuwa huu:

Mimi hapa sibanduki, ndipo waliponizaa.

Na mwenzangu ananijibu:

Bibi njoo kijijini, maji safi yamejaa.

Tunabishana hivyo mpaka mwisho bibi kizee analainika, anainua kifurushi chake na kusema:

Basi nami nimeridhi, mzigo wangu natwaa.

Mwalimu alinitaka nitembee kama kikongwe. Sikuwa na kikongwe mwingine ninayemjua vizuri zaidi ya bibi, basi nikatembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni, goti la kushoto likichelewa kidogo. Wenzangu walivunjika mbavu.

Lakini mtoto anayesoma ngonjera lazima atunzwe. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya sherehe. Ukiwa katikati ya maneno yako, mtu wako anatoka kwenye umati, anakuja mpaka mbele, anakufunga kanga mabegani au anakubandika kitu kwenye paji la uso, wanawake wanapiga vigelegele. Mwaka wa nyuma yake niliimba peke yangu na sikutunzwa na mtu, mama alikuwa ndani na mtoto mchanga. Nilisimama pale mikono mitupu, na wenzangu walinikumbusha mwaka mzima. Mwaka huu mama alipangwa jikoni na wanawake wenziwe, na baba kazi yake ya ubalozi haikumpa nafasi. Mwalimu alituambia darasani tuwaombe wazee wetu waje, hasa wale wa mahame, wao waje kabisa wajionee. Nami nikaenda kumwomba bibi.

Bibi aliniuliza swali moja tu, nani atakaa. Mtani wetu hawezi, naye yumo jikoni. Nikalia. Nililia namna ile ya mtoto anayejua kilio chake kinafika. Nikaja kesho yake nikalia tena. Siku ya tatu, jioni jua likiwa bado juu, baba akaja pamoja nami. Hakuingia ndani. Alichuchumaa kwenye kizingiti, akachukua kijiti akawa anachokoa udongo.

"Mtoto anakulilia, mama," akasema. "Nenda. Mimi nipo."

Bibi alikuwa anasuka ukili. Aliendelea kusuka kidogo. "Utakaa wewe?"

"Nitakaa mimi."

"Wakija wakaita?"

"Nitawajibu."

"Utawajibu nini?"

Baba akatabasamu, akasema, "Nitawajibu, nipo."

Bibi akacheka, akaweka ukili chini. Nikarudi kijijini nakimbia, nampita kila mtu njiani na kumwambia kwamba bibi yangu anakuja.

Siku ya kufunga shule ilianza kwa mawingu. Mvua za kwanza zilikuwa zinajikusanya juu ya milima ya Matumbi, zinanguruma kwa mbali, na mwalimu alitazama juu kila baada ya dakika kama anamwomba mtu radhi. Tuliandamana na ngoma kutoka kisimani hadi uwanja wa shule, wadogo mbele. Kaptura ya mdogo wangu ilikuwa bado imesimama kwa wanga, anatembea kama aliyevaa mbao. Masufuria yalichemka chini ya makuti, harufu ya wali wa nazi na nyama ya mbuzi inatufuata kila tunapogeuka. Darasa la kwanza waliimba, wakasahau, wakaanza upya. Mgeni rasmi alizungumza. Waliofaulu waliitwa majina, na mimi sikuwa miongoni mwa watatu wa mwanzo, niseme kweli.

Bibi alikuja. Alivaa kanga mpya pea nzima, nyekundu na nyeusi, hajawahi kuifua, bado inanuka duka. Watu walisogea wakampa nafasi kwenye mkeka wa mbele kabisa. Nakumbuka watu walivyomsalimia, shikamoo kutoka kila upande, naye anaitikia marahaba, marahaba, anageuza shingo huku na huku kama bi harusi. Muda mrefu alikuwa hajakaa katikati ya watu.

Nikaingia na kifurushi changu. Nikaweka mkono kiunoni, nikachelewesha goti la kushoto. Uwanja ulicheka mara moja, kwa maana kila mtu alimjua niliyemwigiza na alikuwa amekaa pale pale. Nikamtazama kwa hofu. Alikuwa anacheka kuliko wote. Alimgusa aliyekaa karibu yake akamwonyesha goti lake, kama anasema huyu kapata. Mtani wetu akapaza sauti kutoka jikoni, mwiko mkononi, kwamba kobe leo kazaa. Nikasema sibanduki, uwanja ukacheka. Mwenzangu akanibembeleza, nikakataa. Nilipofika mwisho, nikainua kifurushi na kusema nimeridhi, bibi akanyanyuka. Alikuja polepole, akavua upande mmoja wa kanga mabegani mwake, akanifunga mimi shingoni, akaniweka mkono kichwani. Vigelegele vilipigwa mpaka ngoma zikajibu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa, nimezaa, nimewaona wanangu wakifaulu.

Tukakaa kula. Nilikuwa nimekaa na bibi kwenye sinia moja, yeye na mimi na mdogo wangu. Alikuwa anatuchambulia nyama. Ndipo nikamwona baba anakuja kutoka upande wa njia ya mahame, anatembea pembeni mwa uwanja. Nikafurahi. Nilidhani amekuja walau aone nilivyotunzwa. Nikasimama nikamwita kwa sauti, nikimwonyesha kanga.

Bibi akageuka. Tonge lilikuwa mkononi, halijafika.

"Nyumbani kuna nani?"

Baba akafika, akachuchumaa karibu ya sinia. Alikuwa na vumbi la makuti kichwani na kwenye nyusi, lile vumbi jeusi la moshi wa miaka.

"Kula kwanza, mama," akasema.

Bibi alirudisha tonge kwenye sinia. Hakunawa. Akasimama, akashika njia, mkono kiunoni, goti la kushoto likichelewa, nikamfuata.  Mtani wetu aliacha mwiko ndani ya sufuria akaja nyuma yetu. Baba alibaki pale amechuchumaa, na mdogo wangu akaendelea kula, hakujua.

 Tulipofika, paa halikuwepo. Kuta zilikuwa zimesimama, zimekatika juu, na mwanga uliingia ndani mahali ambapo sikuwahi kuona mwanga, nikaona jinsi chumba cha bibi kilivyokuwa kidogo. Makuti yalipangwa upande mmoja, fito upande wa pili. Na vyombo vyake vyote vilitolewa vikawekwa chini ya mkorosho: kitanda, kinu na mchi wake, vyungu vimeingizwa kimoja ndani ya kingine kwa majani katikati ili visigongane, ukili wake ulioachwa nusu umekunjwa vizuri juu ya mkeka. Hakuna hata chungu kimoja kilichovunjika. Lazima niliseme hili. Aliyevitoa alivitoa kwa upole. Kuna siku upole ule unanifariji, na kuna siku ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu vitu vya namna ile havipangwi na mtu aliyeshtukizwa.

Baba alitufikia mvua ikiwa imeanza kudondoka. Ndipo nikasikia maneno ambayo sijayasahau.

"Si ulisema utakaa?" bibi akamuuliza.

"Nilikaa, mama."

"Ukatoka saa ngapi?"

"Walipokuja wakaniita." Akapangusa vumbi kwenye nyusi. "Waliniita kwa cheo changu. Balozi, toka. Nikatoka."

Bibi akatazama zile kuta. "Mimi wameniita miezi yote hii," akasema. "Sikuwa na cheo, nikakaa."

 Baba alijitwisha kitanda, mtani wetu akajitwisha vyungu, nikabeba ukili. Tukaingia kijijini mvua inatupiga, wanawake wametoka kwenye vibaraza wanatutazama na hakuna aliyethubutu kutusalimia. Kitanda kilipelekwa moja kwa moja chumba cha uani. Kumbe ndani mna kitanda kingine, kile kilichowambwa kwa kamba mpya, na sakafu inang'aa. Bibi alisimama mlangoni akaitazama sakafu ile, kisha akanitazama mimi na mikono yangu. Sikuelewa papo hapo. Nilielewa baadaye, nikiwa nimelala, kwamba sakafu ile niliisugua kwa ajili yake.

Mama aliniambia, alipokuwa mzee na baba ameshafariki, kwamba walikandika chumba kile kwa sababu walijua siku moja bibi angekuja, si kwa sababu waliijua siku. Mwalimu naye hakuwahi kuulizwa. Alihamishwa mwaka uliofuata, tukamsindikiza tunalia. Inawezekana hakujua lolote. Inawezekana alitaka wazee waje wafurahi tu. Nimejaribu kuyapanga haya kila namna. Kuna mpangilio ambamo baba alinitumia mimi kama chambo tangu siku ya kwanza ya udongo mwekundu. Kuna mwingine ambamo alikaa kweli, akanuia kweli kujibu nipo, akashindwa dakika ile ya mwisho kwa sababu wenzake walikuwa wamemsema sana kwamba anahamisha mama za watu na mama yake mwenyewe yuko mahame. Nikiwa mtu wa haki siwezi kuchagua. Lakini nikiwa mtoto wa darasa la nne nilishachagua siku ile ile, na yule mtoto hajabadili mawazo.

Bibi aliikalia matanga nyumba yake. Alitandika mkeka uani, akajifunga kanga iliyobaki kichwani kama mfiwa, hakupika wala hakusuka. Wanawake walikuja wakakaa naye bila kujua waseme pole ya nini. Siku ya pili akaja mtani wetu. Kwetu watani kwenye msiba ndio wenye kuchekesha wafiwa, hata maiti wanamwigiza. Akajilaza chali katikati ya mkeka, mikono ameinyoosha, akasema yeye ndiye marehemu nyumba, mbona hajaoshwa, mbona anavuja, nani kamvua kofia mbele za watu. Halafu akafungua jicho moja akamwambia bibi, "Na wewe kobe, leo gamba huna. Nitakutambuaje?" Bibi alicheka. Alicheka akaanza kulia katikati ya kicheko kile kile, na mtani hakuondoka pale chini, alibaki amelala, akamshika mguu.

Mlango wa nyumba ya mahame baba aliuleta, akaupachika kwenye chumba cha uani akidhani atamfurahisha. Miaka yote bibi aliyoishi na sisi hakuufunga, si usiku wala si mvua. Alisema mlango unafungwa na mwenye nyumba. Kuku waliingia na kutoka wanavyotaka, wakarudi kutaga palepale walipozoea.

Baba nisimpunguzie haki yake. Alimhudumia mama yake mpaka mwisho. Kisima kilikuwa karibu kweli, zahanati ilimtibu bibi goti, na wadogo zangu wote walisoma. Alimsalimia kila asubuhi, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba kila asubuhi. Lakini baba akitaka kwenda safari na kusema nyumbani yupo fulani, bibi aliinuka akaenda uani.

Mwaka uliofuata mwalimu mpya alinipa shairi. Nikasema sauti imeharibika. Nikaimba katikati ya wengine, mstari wa nyuma. Na bibi alikuja! Alikuja mapema kabla hata mikeka haijatandikwa, akakaa mbele kabisa. Alikuja mwaka ule, na uliofuata, mpaka kitinda mimba wetu akamaliza, akamtunza kila mmoja. Nilipata ujasiri siku moja nikamuuliza kama hachoki. Akaniambia, "Nichoke nini? Sasa sina cha kulinda, nina nafasi." Alikuwa anabangua korosho, hakuinua uso. Sijui kama alinisamehe au hakuwahi kuona kuna la kunisamehe. Ile kanga nyekundu hakuitaka tena. Nilijifungulia mtoto wangu wa kwanza ndani yake, huyu huyu aliyekuwa anamsubiri fundi.

Mahame siku hizi ni shamba la ufuta la watu nisiowajua. Nilipita mwaka juzi nikienda Somanga, nikaomba gari lisimame. Mkorosho mmoja upo. Kuta zimerudi kuwa udongo, ukipita hujui kama ulikanyaga chumba cha mtu. Kwetu watoto hawajui tena utani, ukimwita mwenzio kobe mnapelekana serikalini. Ming'oko inauzwa stendi kwenye mifuko ya plastiki. Ngonjera nimebaki nayo yote, ila ule mstari wa mwisho, wa nimeridhi, nimeuandika hapo juu kwa mkono lakini kwa mdomo hautoki.

Basi Jumamosi nilikwenda. Nilikaa mbele kabisa. Mjukuu wangu alipanda jukwaani, kofia ikamfunika macho, akaipandisha akaniona, akasema shairi lake lote. Nikainuka nikamtunza, nikamfunga kanga juu ya joho lake, na wazazi wengine wakacheka, wakapiga picha. Nilipewa sahani ya pilau. Sikuimaliza.

Tuliporudi tulikuta mwanangu amelala sebuleni, televisheni inazungumza peke yake, fundi hajafika. Akaamka akaja kunipokea uani, akaniamkia shikamoo. Mtoto alikuwa anamwonyesha cheti chake, naye ananitazama mimi.

"Mama, unaangalia nini juu?"

Nikamwambia naangalia kama mvua itanyesha. Bati lilikuwepo lote, toka upande huu mpaka upande ule. Nililitazama mara mbili, ndipo nikaitikia shikamoo yake.